Oili Isiyopunguza Msuguano

Alhamisi ile niliamka na wazo baya, na kwa kuwa lilikuwa wazo langu mwenyewe, nililipenda papo hapo.

Jumapili iliyokuwa inakuja, watu wa mchumba wangu walikuwa waje nyumbani kuniposa. Mama alikuwa bado anangoja nimwambie kama wakaribishwe ndani au warudishwe mlangoni kwa adabu. Kila asubuhi alinifuata hadi bafuni na swali lake. "Ndiyo au hapana, mwanangu? Nijue kama nafua mapazia au nayaacha." Nami, ambaye tangu nijue kuongea sijawahi kukosa la kujibu, nilijaza povu la dawa ya meno mdomoni ili nisijibu. Nyumbani wananiita Kiberiti, na si kwa sababu ya wembamba.

Mtu mwenyewe nilimpenda. Niliseme hilo mapema, asije mtu akanielewa vibaya. Ana duka la spea za pikipiki pale kona, jembamba, lenye rafu hadi darini, na anajua kila boliti ilipo hata umeme ukikatika. Mikono yake aioshe vipi inabaki na harufu ya raba mpya, na harufu hiyo mimi naipenda kuliko manukato. Ukiongea naye anakuangalia wewe, haangalii simu. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: kila alichoambiwa alijibu "sawa". Mtaa mzima ulimwita Bwana Sawa, na hata hilo jina alilikubali bila kubisha.

Mlangoni pa duka lake hukaa fundi wa pancha tunayemwita Redio, kwa sababu habari ikimfikia haipumziki. Redio ana mafundisho yake kuhusu oili. Kwenye kopo huandikwa namba, halafu herufi W, halafu namba nyingine, na siku moja Redio alimweleza mteja kwamba W ni "wazee", yaani oili hiyo ni ya pikipiki zilizochoka. Bwana Sawa alikuwa pale, akasema sawa. Kesho yake mteja mwingine akaja na elimu yake: W ni "wepesi", kwa hiyo namba ikiwa kubwa ndiyo oili nyepesi zaidi. Sawa. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya katoni la tairi za ndani nikamtolea macho, maana yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha ile W ni nini, na si wazee wala si wepesi. Mteja alipoondoka nikamwuliza kwa nini hakumsahihisha.

"Angekasirika," akasema.

"Basi nami nimekasirika!"

"Sawa," akasema, akanifungulia soda.

Utaishije na mtu wa namna hiyo? Kwetu tunagombana. Tunagombana mezani, tunagombana kwenye simu, tukiagana mlangoni tunagombana nani amechelewesha nani, na hakuna nyumba yenye mapenzi kama yetu. Mimi nikishabishana na mtu ndipo nahisi nimekutana naye. Kwa Bwana Sawa, nikisema twende kulia, sawa. Nikigeuka nikasema kushoto, sawa vilevile, kwa tabasamu lile lile. Usiku nilikuwa najiona nimezeeka kwenye nyumba safi, kimya, nagombana na friji. Wazo hilo lilinitisha kweli. Na wazo la kumwacha lilinitisha zaidi. Hapo ndipo nilipokuwa nimekwama, na Jumapili inakuja.

Sasa, hilo wazo baya.

Mimi kazi yangu ni kusambaza mikate kwa pikipiki. Nyuma nimefunga sanduku la bati, asubuhi nalijaza kiwandani, nazunguka madukani. Wiki ile nilikuwa nimepewa njia mpya, maduka ya kule juu mlimani, ambako wasambazaji wengine walikataa kwenda kwa sababu ya ule mteremko wa mawe. Kwa hiyo nilihitaji kubadilisha oili, na nilijua vizuri ninachohitaji. Pikipiki si gari. Kwenye gari klachi inakaa kivyake, pakavu. Kwenye pikipiki kama yangu klachi imo ndani ya oili ile ile ya injini, sahani juu ya sahani, na sahani hizo lazima zikwaruzane na kushikana ndipo nguvu ya injini ifike kwenye tairi. Kuna oili za magari, nzuri sana, ghali sana, zilizotiwa dawa ya kulainisha kila kitu. Gari linashukuru. Pikipiki ukiitilia hiyo, klachi inaanza kuteleza: injini inapiga kelele, wewe husogei, na kama uko mlimani na mzigo, unarudi kinyumenyume ukiomba dua. Yeyote anayejua pikipiki anajua hilo. Bwana Sawa analijua kuliko sisi wote.

Nikaamua hivi: nitaingia dukani kwake, nitaomba oili ya gari. Akinikatalia, nitarudi nyumbani nikamsaidie mama kufua mapazia. Akisema sawa, basi imekwisha, maana mtu anayeweza kunitazama nikijimaliza na bado akatabasamu hawezi kuwa mume wangu.

Niliendesha hadi pale kona roho iko juu.

Kwenye rafu ya juu kabisa, kati ya betri na mnyororo mpya uliotundikwa kama mkufu, kulikuwa na galoni la rangi ya dhahabu lenye maandishi makubwa: HUPUNGUZA MSUGUANO. Nilicheka peke yangu. Mama amekuwa akiniombea nipunguze msuguano tangu nikiwa shule ya msingi, kumbe dawa yake inauzwa madukani.

"Nipe ile," nikasema.

Akafuata kidole changu. "Ile ya dhahabu?"

"Hiyo hiyo. Nitilie kwenye pikipiki. Leo napanda mlimani na sanduku limejaa, nataka mambo yateleze."

Nje, Redio aliacha kupampu. Tairi alilokuwa analijaza likabaki nusu, na mwenye nalo hakulalamika, kwa kuwa naye alikuwa amegeuza shingo.

Bwana Sawa alimeza mate. Nikaona koo likipanda na kushuka. Kimoyomoyo nikawa nambembeleza: sema. Sema hapana. Niite mjinga. Nifukuze dukani kwako, mpenzi wangu, nifukuze!

"Ile ni ya magari," akasema taratibu.

"Kwa hiyo?"

"Ni galoni kubwa. Wewe unahitaji kidogo tu."

"Nachukua lote. Kuna tatizo jingine?"

Akafungua mdomo. Ulimi niliuona ukiwa tayari kabisa, umekaa mahali pake. Nikajikuta nimeinuka kwa vidole vya miguu.

"Sawa," akasema.

Nilishuka kwenye vidole vyangu. Sijui kama nimewahi kuumia namna ile kwa neno dogo kiasi kile.

Alifanya kazi yake kama kawaida, kwa unadhifu. Akaweka beseni chini ya injini, akafungua boliti, oili ya zamani ikamwagika nyeusi. Akalichukua galoni la dhahabu akaenda nalo nyuma ya duka, akisema anakwenda kupima kiasi. Akarudi na jagi na faneli, akamimina. Mimi nilikuwa nimegeukia barabara, nimeyakaza macho kwenye bango la simu ili machozi yasimwagike. "Iliyobaki nakutunzia," akasema nyuma yangu.

Ningeweza kuishia pale. Ningeweza kusema natania, toa uchafu huo, weka oili ya pikipiki. Ndivyo angefanya mtu mwenye akili. Lakini damu ilikuwa imeshachemka, na ikichemka mimi simsikilizi mtu, hata mimi mwenyewe. Nikajiambia: acha iteleze! Nitapanda nayo, itateleza, nitaisukuma kwa mkono hadi dukani kwake, nimwonyeshe mbele ya Redio na dunia nzima alichokisemea sawa. Nikapiga kiki nikaondoka.

Ule mlima una kona tatu mbaya. Barabara ni ya mawe, upande mmoja ukuta, upande mwingine mtaro ambao ukitumbukia watakutoa kwa kamba. Kona ya kwanza niliingia gia ya pili, mkono mmoja ukiwa tayari kwa breki, nikisubiri ule mlio wa injini kukimbia peke yake. Haukuja. Pikipiki ilivuta. Nikasema, bado haijapata moto, ngoja. Kona ya pili nikashusha gia ya kwanza, mikate ikasogea yote nyuma ndani ya sanduku, tairi la mbele likawa jepesi, na nikasema sasa. Pikipiki ilivuta. Ilivuta vizuri! Mbele yangu kulikuwa na lori la mchanga linapanda kwa kuugulia, nikalipita kwa ndani, tingo akanipigia mluzi, na mimi niliyeondoka dukani kama mfiwa nikajikuta napiga kelele ndani ya kofia yangu kama mtu aliyefunga bao. Kona ya tatu hata sikuikumbuka hadi ilipokuwa nyuma yangu.

Nikasimama juu, mbele ya duka la kwanza. Kwanza ilikuwa raha tupu. Halafu mashaka yakaingia. Oili ile haiwezi kupanda hivi. Haiwezekani.

Niliegesha, nikangoja injini itulie, nikafungua kifuniko chenye kijiti cha kupimia oili, nikakipangusa kwenye kitambaa cheupe cha kufunikia mikate. Mwenye duka alilalamika juu ya kitambaa. Nikamwambia anyamaze kidogo, kuna jambo kubwa.

Oili ya galoni lile la dhahabu ni ya manjano, rangi ya asali, nimeiona mara nyingi ikimiminwa kwenye magari. Iliyokuwa kwenye kitambaa ilikuwa nyekundu. Nyekundu safi, mpya. Katika duka lile oili nyekundu ni moja tu, inakaa chini kabisa karibu na mlango, kopo la kijivu lisilo na mbwembwe, limeandikwa kwamba ni ya pikipiki, na nyuma lina herufi mbili ndogo, M na A, za kuonyesha kwamba haitatelezesha klachi.

Alikuwa ameibadilisha! Kule nyuma ya duka, na jagi lake! Alinikatalia! Nilirukaruka pale barabarani. Huyo mtu alikuwa na hapana yake, tena kubwa, alikuwa ameificha tu nyuma ya rafu!

Halafu nikaacha kuruka. Alinikatalia kwa siri. Alinitazama usoni akasema sawa, kisha akafanya alivyotaka. Kumbe hizo sawa zote za mwaka mzima, ngapi zilikuwa sawa kweli, na ngapi zilikuwa jagi la nyuma ya duka? Hasira ikapanda tena, mpya kabisa, na furaha nayo haikutaka kushuka, vyote viwili vikawa vinasukumana kifuani mwangu. Nikagawa mikate kama mtu anayerusha matofali, nikateremka mlima.

Redio aliniona mbali. Alisimama kabisa, akaegemeza pampu ukutani, akajifuta mikono.

Nikakitandaza kitambaa juu ya meza ya duka. "Hii ni rangi gani?"

Bwana Sawa alikitazama. "Nyekundu."

"Na ya kwenye galoni ni rangi gani?"

Akageuka kutazama kule nyuma ya duka.

"Ulinidanganya."

"Sawa, nili..."

"Usiniambie sawa! Usithubutu! Ulitaka kunikatalia, kwa nini hukunikatalia? Mdomo si unao? Mimi ni mtoto mdogo, wa kufichiwa dawa kwenye uji? Ungesema tu, hiyo oili siuzi, nenda zako!"

"Ungesikia?"

"Nisingesikia! Ungesema tena!"

"Ungepiga kelele."

"Ningepiga! Na wewe ungepiga zaidi! Sasa niambie sawa, tuone!"

Alikuwa ameshika bisibisi. Akaiweka mezani, taratibu.

"Hapana," akasema.

Redio alishika mlango kwa mikono miwili.

"Hapana!" Mara hii ilitoka kwa sauti ambayo sikujua anayo, makopo ya rafu ya kwanza yalilia. "Siuzi oili ya gari kwa mtu mwenye pikipiki, hata awe nani, hata aninunie vipi! Na mnyororo wako umelegea, nimekuambia kwa upole tangu mwezi uliopita ukanicheka! Na kona unaiingia na mwendo mkubwa, nakuona kila siku, nafumba macho! Na ule mchuzi wako una chumvi mpaka nakunywa jagi la maji nikifika nyumbani!"

"Chumvi?" nikasema. "Mchuzi wangu?"

"Una chumvi! Na wewe Redio, W si wazee! Ni baridi! Ni neno la Kiingereza la majira ya baridi, ile namba inasema oili inakuwa nzito kiasi gani injini ikiwa baridi! Nimekuacha mwaka mzima unawapotosha wateja wangu!"

"Baridi?" akasema Redio, kwa unyonge. "Sasa mbona huku kwetu hakuna baridi?"

"Injini ikilala usiku inapoa! Kila mahali!"

Alikuwa anahema. Mshipa wa shingo ulikuwa umesimama, nywele zimemjia usoni. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Nilipiga makofi. Ndiyo, nilipiga makofi, mimi mwenyewe, nikicheka na machozi yananitoka. "Ndiyo! Hivyo hivyo! Umefaulu!"

"Nimefaulu nini?"

"Mtihani! Nilikuwa nakupima tu. Nilijua ile oili haifai, nani asiyejua? Nilitaka nikusikie ukisema hapana, na sasa umesema, tena umesema mpaka kuhusu mchuzi! Jumapili waje. Waje mapema. Waje hata asubuhi!"

Yeye hakucheka. Uso ulimtulia, na ule utulivu sikuupenda.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Ulijua haifai, ukaniacha nimimine. Ukaondoka hapa ukiamini imo ndani. Ukapanda kule, na sanduku limejaa, kwenye zile kona, ukiamini kwamba klachi itateleza."

Ilisikika mbaya zaidi ikisemwa na yeye.

Alichukua tambara akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu. "Mwambie mama asihangaike," akasema. "Jumapili watu wangu hawaji."

"Unatania."

"Hapana," akasema, na hakupandisha sauti hata kidogo. Akageuka akaanza kupanga plagi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Nilifika nyumbani sijui kwa njia ipi. Mama alikuwa uani. "Vipi, nifue mapazia?"

"Hawaji, mama."

Akashusha ndoo. "Umemwambia hapana."

"Yeye ndiye kaniambia mimi."

Mama alinitazama, akatafuta kigoda kwa mkono, akakaa. Nikamweleza yote, kuanzia galoni hadi mchuzi. Nilitegemea anionee huruma. Alicheka hadi akajishika mbavu, kisha akaacha kucheka ghafla, akanipiga kofi la mgongo ambalo si la mzaha. "La kwanza ni la kupanda mlima," akasema, akanipiga jingine. "Hili ni la huyo kijana. Mimi nilikuwa nadhani ni boga tu, kumbe ni mtu! Na wewe umempoteza siku ile ile uliyompata."

Ijumaa nilipita mbele ya duka, hakuinua kichwa. Jumamosi nilipita tena, nikakohoa. Redio peke yake ndiye aliyenipungia mkono, na Redio akikuhurumia ujue mtaa wote umeshakuhurumia. Na jambo la ajabu, nilikuwa sijawahi kumtaka mtu kiasi kile. Nilimtaka yule wa mshipa wa shingo na nilimtaka yule wa soda, wote wawili, na sasa sikuwa na hata mmoja.

Jumapili asubuhi tulikaa sebuleni, mimi na mama, tukisikiliza barabara. Hakuna aliyekuja. Kuelekea mchana nikasimama.

"Mama, vaa kofia ngumu."

"Tunaenda wapi?"

"Kwao. Wao wasipokuja kuniomba, nitaenda kumwomba mimi."

"Msichana haendi kujiposa," mama akasema.

"Basi kaa."

"Nani kasema nakaa? Natafuta viatu!"

Nilikuwa nimekaza mnyororo, na sanduku la mikate nimeliondoa mama apate pa kukaa. Kona niliziingia polepole, polepole hadi baiskeli moja ikatupita na mama akaona aibu. Nyumba yao iko mwisho wa barabara ya vumbi, mlango wa bluu. Aliyefungua ni mjomba wake, mzee mnene aliyekuwa amevaa singlendi, maana alikuwa ameambiwa leo hakuna safari. Alipomwona mama aliingia ndani mbio, akatoka na shati limefungwa vifungo vya upande upande. "Karibuni, karibuni. Kwani si ilikuwa sisi ndio tuje?"

"Mambo yamegeuka, kaka," mama akasema, akakaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote.

Bwana Sawa alitokea uani, mikono inachuruzika maji. Aliponiona alisimama kwenye kizingiti, hakuingia wala hakurudi.

Nilikuwa nimejipangia hotuba njia nzima. Ilikuwa nzuri, ilikuwa na vichekesho. Ikanipotea yote.

"Nimekuja kukuomba," nikasema. "Kama bado unanitaka."

Mjomba alimtazama yeye. Mama alitazama dari.

"Nina swali," akasema. "Tangu Alhamisi silali kwa ajili ya swali moja. Ungeanguka kule juu, ningemwambia nini mama yako?"

Nilitafuta jibu. Mimi nina jibu la kila kitu, nina jibu hata la maswali ambayo hayajaulizwa. Akilini nilimwona amesimama mlangoni kwetu, na jagi lake tupu, mama anafungua. Nikaona uso wa mama.

"Sijui," nikasema. Nadhani ni mara ya kwanza neno hilo limetoka kinywani mwangu mbele za watu. "Sijui ungemwambia nini. Nisamehe."

"Mama mwenyewe niko hapa," mama akasema, bado anatazama dari. "Ungeniambia ukweli tu, mwanangu. Kwamba binti yangu kichwa maji. Si jambo geni kwangu."

Mjomba alicheka kwa pua, akajizuia, akashindwa. Lakini sisi wawili hatukucheka. Alikuwa ananiangalia kama anavyoangalia siku zote, mimi tu, moja kwa moja.

"Mjomba," akasema, bila kuniondolea macho, "mimi bado nimekasirika sana."

"Nimeona," mjomba akasema.

"Na namtaka. Nimekasirika, na namtaka. Vyote viwili."

Mjomba alianza kunigeukia ili aniulize kwa taratibu zinazostahili, huku akitafuta kifungo kimoja kilichokosa tundu. Sikumngoja amalize kugeuka. "Ndiyo!" nikasema, kwa nguvu hadi jirani wa ukuta wa pili akauliza kuna nini, na mama akaanza kunigombeza kwamba sikumpa mzee nafasi ya kuuliza.